Mtaro Hauna Mwenyewe: Jinsi Nakuru Inavyoweza Kulipia Maji ya Mvua

Mvua ikinyesha Menengai, mlima wa volkano ulio juu ya jiji letu la Nakuru hapa Kenya, Nakuru ndiyo njia yake. Kilele cha ukingo wa kreta kiko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nakuru liko karibu mita 1,760. Kwenye mteremko ulio katikati tumejenga jiji la watu zaidi ya 570,000 kwa hesabu ya sensa ya 2019, na kila mwaka tunalifunika kwa mabati, saruji, kabro na lami. Maji yaliyokuwa yakizama kwenye udongo wa majivu ya volkano sasa yanakimbia juu juu, yanakatiza katikati ya mji, yanashukia Bondeni, Kivumbini na Flamingo, kisha yanaishia ziwani. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kila chupa, kila tone la oili ya gereji na kila ndoo ya mchanga iliyosombwa huko juu inafika pale na kukaa.

Mtaro ukifurika, swali la kwanza huwa ni la nani. Barabara kuu ya A8 iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Barabara nyingine za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, nyingine chini ya kaunti. Reli ina wenyewe. Mtaro unaopita nyuma ya ploti, ule uliochimbwa zamani na kusahaulika, mara nyingi haumo kwenye daftari la ofisi yoyote. Kalvati ikiziba chini ya barabara ya huyu, maji yanaingia dukani kwa yule, na barua za kulaumiana zinaanza.

Kisheria jambo hili halina utata. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya kusimamia mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Kazi hiyo imetajwa bega kwa bega na huduma za maji safi na usafi wa mazingira. Lakini angalia tofauti: maji safi yana kampuni, NAWASSCO kwa Nakuru na KIWASCO kwa Kisumu, yana mita, ankara na msimamizi wa kitaifa, WASREB. Maji ya mvua hayana hata kimoja kati ya hivyo. Yanategemea fungu ndani ya bajeti ya idara ya barabara au ya mazingira, na fungu hilo ndilo la kwanza kukatwa mishahara ikichelewa.

Kujenga mitaro si tatizo kubwa kama inavyodhaniwa. Hela za kujenga hutokea. Mpango wa kusaidia miji ya Kenya uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2017 ulijenga barabara, mitaro na masoko katika miji mingi ya kaunti. Mtaro mpya una utepe wa kukatwa na jiwe la kuwekwa jina la mheshimiwa. Kuzoa mchanga kwenye mtaro uleule miaka minne baadaye hakuna sherehe, na hakuna mfadhili anayekuja kwa ajili yake. Ndiyo maana tunajenga, tunaacha uzibe, tunafurika, halafu tunaomba mradi mpya.

Miji mingine ilikutana na tatizo hili na ikalitafutia dawa ya kifedha kabla ya dawa ya kihandisi. Mwaka 1974 Bellevue, mji wa jimbo la Washington nchini Marekani, ulianzisha huduma ya maji ya mvua yenye ada yake yenyewe, miongoni mwa miji ya kwanza kabisa kufanya hivyo. Leo miji iliyofuata njia hiyo Marekani ni mamia kwa mamia. Wazo lenyewe ni jepesi: maji ya mvua yatendewe kama huduma nyingine ya jiji, yawe na ofisi inayowajibika, akaunti yake, na ada inayolipwa kila mwezi au kila mwaka na wote wanaosababisha maji kukimbia.

Hapo kwenye "wanaosababisha" ndipo penye kazi.

Kodi ya ardhi tunayoijua Kenya, kwa kiasi kikubwa, hutozwa kwa thamani ya kiwanja bila kuhesabu jengo lililo juu yake. Kwa hiyo ploti mbili za futi 50 kwa 100 zilizopakana, moja ina nyumba ndogo na shamba la sukuma, nyingine imemwagwa saruji kutoka ukuta hadi ukuta, zinaweza kulipa sawasawa. Mvua haizitendei sawasawa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mvua ya milimita 40, ambayo mkazi wa Nakuru haishangai mwezi wa Aprili, ikianguka kwenye paa la mita za mraba 120 inatoa lita 4,800. Mvua hiyohiyo ikianguka kwenye duka kubwa lenye paa na maegesho ya mita za mraba 10,000 inatoa lita 400,000. Kwenye nyasi na udongo mlegevu sehemu kubwa ya maji ingezama. Kwenye bati na lami karibu yote yanatoka, na yanatoka kwa pamoja ndani ya dakika chache, yakiwa na kasi.

Kipimo cha haki, basi, ni eneo lisilonyonya maji: paa, saruji, kabro iliyobanwa, lami. Jiji linapima nyumba za kawaida, linatafuta wastani wake, na wastani huo unakuwa kipimo kimoja. Tuseme, kwa mfano wangu tu, kipimo kimoja ni mita za mraba 150 na ada yake ni shilingi 80 kwa mwezi. Nyumba ya familia moja inalipa 80. Duka kubwa lile la mita 10,000 ni vipimo 67, linalipa 5,360. Sasa nenda Kaptembwo, kwenye ploti ya vyumba ishirini vilivyozunguka uwanja mmoja, paa na saruji jumla mita 300. Hiyo ni vipimo viwili, shilingi 160. Mwenye nyumba akiwasukumia wapangaji gharama yote, kila chumba kinabeba shilingi nane. Watu wengi wanapoishi chini ya paa moja, ada ya paa inakuwa nyepesi kwa kila mmoja wao. Sijui kodi nyingine ya mjini inayompendelea mpangaji wa chumba kimoja kwa kiasi hicho.

Linganisha na njia ya mkato, ambayo ni kuongeza kiasi kilekile kwenye kila ankara ya maji. Mama muuza samaki mwenye mita yake angelipa sawa na duka kubwa lenye mita moja. Maegesho ya magari yasiyo na bomba hata moja yasingelipa chochote. Philadelphia ilikuwa na kasoro hiyohiyo: ada ilifuata mita ya maji, hivyo viwanja vya kuegesha magari vilivyojaa lami, visivyotumia maji, havikulipa. Kuanzia 2010 jiji hilo lilihamia hatua kwa hatua kwenye hesabu ya eneo la kiwanja na sehemu yake isiyonyonya. Makelele yalikuwepo, hasa kutoka kwa wenye maghala na maegesho, lakini hiyo ndiyo maana ya kurekebisha hesabu: kuna waliokuwa wakibebwa na wenzao.

Kupima si mlima. Picha za setilaiti na droni zinaonyesha paa na lami waziwazi, na ramani za viwanja zipo. Ugumu ni kuunganisha paa na jina la mlipaji, hasa pale ambapo mashamba yamegawanywa kuwa ploti kabla ya hati kutoka. Mimi ningeanza na majengo na viwanja vyote vyenye zaidi ya mita za mraba 1,000 za sehemu ngumu. Ni wachache, wanajulikana, na kwa pamoja wanatoa maji mengi. Nyumba za kawaida zingefuata mwaka wa pili au wa tatu, watu wakiwa wameshaona mtaro uliozolewa.

Halafu kuna sheria, na hapa mji unaweza kuanguka kabla haujakusanya shilingi. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa kaunti milango miwili. Inaweza kutoza kodi za aina chache zilizotajwa, yaani kodi ya mali, kodi ya burudani, na nyingine yoyote iliyoidhinishwa na sheria ya Bunge. Inaweza pia kutoza ada kwa huduma inayotoa. Ada ya maji ya mvua lazima ipite mlango wa pili, na ukipita hapo unabanwa: ada ilingane na gharama ya huduma na mzigo ambao mlipaji anauleta, na huduma yenyewe ionekane. Ukikusanya milioni mia na kuzoa mitaro ya milioni ishirini, umetoza kodi uliyoivisha kanzu ya ada.

Wamarekani walipigana vita hivi mahakamani. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua kwamba ada ya maji ya mvua ya mji wa Lansing ilikuwa kodi, na kwa kuwa wapiga kura hawakuulizwa, ikaanguka. Huko Maryland sheria ya 2012 iliyolazimisha kaunti kubwa kutoza ada hii ilibandikwa jina la "kodi ya mvua", na jina likafanya kazi yake. Kufikia 2015 ulazima huo ulikuwa umeondolewa. Nakuru jina hilo litabuniwa asubuhi ya kwanza, kabla ya saa nne. Njia ya kulijibu ni kuonyesha hesabu: mlipaji aone kwenye karatasi ukubwa wa paa lake, vipimo vyake, na mtaro wa mtaa wake ulizolewa lini.

Kenya tuna onyo letu wenyewe. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangazo la siku moja gazetini na mkutano hotelini vilionekana havitoshi, na havitatosha kwa ada mpya ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia. Kifungu cha 210 kinasema wazi kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni bila sheria. Kwa hiyo zinahitajika sheria ya kaunti yenye misingi ya ada, kisha viwango vyenyewe kwenye mswada wa fedha wa kila mwaka, na baraza za watu mtaani, kwa lugha wanayoizungumza.

Tukishavuka hapo tunafika kwenye kizingiti ambacho kwa maoni yangu ndicho kitakachoamua kila kitu, nacho ni ukuta wa akaunti. Kwa kawaida kila shilingi inayokusanywa na kaunti huingia Hazina ya Mapato ya Kaunti, kifungu cha 207. Ndani ya hazina hiyo shilingi ya mtaro haina alama. Inachanganyika na ya maegesho, ya soko na ya leseni, na mwezi wa Juni, madeni yakibisha hodi, hakuna anayeuliza ilitoka wapi. Mfereji wa hela nao una mahali pa kuziba, na mahali penyewe ni hapo.

Ipo njia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 116, inamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha mfuko maalum wa umma kwa idhini ya kamati tendaji ya kaunti na bunge la kaunti. Mfuko huo unawekewa kanuni, msimamizi, matumizi yanayoruhusiwa na hesabu zinazokaguliwa. Kanuni zake ziseme wazi kuwa fedha zilizobaki mwisho wa mwaka zinabaki mfukoni, na kwamba haziwezi kukopeshwa idara nyingine hata kwa wiki moja. Bunge la kaunti likikataa kipengele hicho, ni heri ada isianze kabisa. Mtu aliyelipa mwaka mmoja akaona mtaro uleule umejaa hatalipa tena, na hatasikiliza wa baadaye atakayekuja na nia njema.

Nani aiendeshe? Wapo watakaotaka kampuni mpya, nami naogopa, kwa kuwa kampuni mpya huanza na mkurugenzi, bodi na magari, na mchanga unasubiri. NAWASSCO ina mafundi, ina daftari la wateja, na ina sababu yake ya kujali: wakazi wanapofungua vifuniko vya majitaka ili maji ya mvua yatoke uani, mzigo wote unaenda kwenye mitambo ya kusafisha majitaka ambayo haikujengwa kwa mvua. Lakini bei za kampuni ya maji hupangwa kwa idhini ya WASREB, na kuchanganya hesabu hizo mbili ni kualika ugomvi. Ningeiweka huduma hii chini ya bodi ya jiji, ile inayotokana na Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, ambayo Nakuru inayo tangu ilipopata hadhi ya jiji Desemba 2021. Kampuni ya maji ingelipwa kamisheni kwa kupeleka ankara tu, ikiwa msimamizi atakubali. Asiyelipa asikatiwe maji. Maji ni haki chini ya kifungu cha 43, na hakuna mantiki ya kumnyima mtu maji ya kunywa kwa deni la paa. Deni liandikwe kwenye kiwanja, lidaiwe pamoja na kodi ya ardhi. Huwezi kuhamisha hati bila cheti cha kumaliza deni la kodi hiyo, kwa hiyo siku moja litalipwa.

Na serikali yenyewe? Shule, magereza, kambi ya jeshi ya Lanet, ofisi za wizara, zote zina mapaa makubwa. Serikali ya kitaifa kwa kawaida huleta mchango badala ya kodi ya ardhi, na kaunti, Nairobi ikiwemo, zimeudai mchango huo kwa miaka mingi. Ada ya huduma ina nguvu kidogo zaidi, kwa kuwa wizara hulipa umeme na maji kama mteja mwingine yeyote, na hii nayo ni ankara. Makanisa na misikiti yatasema ni nyumba za ibada. Mimi nasema yalipe, kwa kuwa msamaha mmoja huzaa msamaha wa pili, lakini yapewe nafasi ya kupunguza.

Punguzo ni nusu ya faida ya mpango wenyewe. Anayezuia maji kwake asilipe sawa na anayeyamwaga barabarani. Tangi la lita 10,000 lingeweza kumeza mvua mbili za paa letu la mita 120, mradi liwe tupu mvua inapoanza. Hilo ndilo tatizo: mwezi wa Aprili matangi yamejaa tangu wiki ya kwanza. Punguzo la tangi liwe dogo, la bwawa dogo la kupunguzia kasi kwenye maegesho liwe kubwa. Mashimo ya kuzamishia maji ardhini, yanayosifiwa kwingine, yatazamwe kwa uangalifu Nakuru. Udongo wa hapa ni mwepesi, una nyufa za chini, na kila msimu wa mvua kubwa ardhi hufunguka mahali fulani. Hutaki kumlipa mtu punguzo kwa kuchimba shimo litakalomeza ukuta wa jirani. Kazi hiyo ipite kwa mtaalamu wa miamba kwanza.

Hela zikishapatikana, ya kwanza iende kwenye koleo. Mchanga wa Menengai hujaza mtaro haraka, na takataka za dampo la Gioto, lililo juu ya mji, hushuka na mvua. Kuzolewa kuwe mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya mvua ndefu na Septemba kabla ya vuli, na kalvati zikaguliwe moja moja. Huko Mai Mahiu, ndani ya kaunti hiihii, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyojikusanya nyuma ya handaki lililoziba chini ya tuta la reli yalipasua na kushukia kijiji cha Kamuchiri. Makumi ya watu walikufa.

Usitarajie ada hii ijenge mifereji mikubwa mwaka wa kwanza. Tuseme jiji lina vipimo 100,000. Kwa shilingi 80 kwa mwezi hiyo ni milioni 96 kwa mwaka, na kwa jinsi kaunti zetu nyingi zinavyoshindwa kufikia malengo ya makusanyo, weka nusu. Milioni 48 zinalipa vikosi vya kuzoa, lori, mashine ya kuchimba na mhandisi mwenye ramani. Baada ya miaka mitatu ya mapato yanayotabirika, benki na wafadhili wanaweza kukopesha juu yake, na hapo ndipo mifereji mikubwa inapoingia.

Kisumu ingehitaji hesabu tofauti. Kule ardhi ni tambarare, udongo mweusi unavimba na kukataa maji, na Mto Auji unapita katikati ya Nyalenda. Ada ya mapaa ingesaidia mitaro ya mjini. Maji ya Nyando, yanayoteremka kutoka vilima vya Nandi na Kericho hadi uwanda wa Kano, hayatokani na paa la mtu yeyote wa Kisumu, na jiji haliwezi kumtoza mkulima wa kaunti nyingine. Hiyo ni kazi ya mamlaka za bonde zima, na wanaoahidi kwamba ada ya jiji italimaliza gharika la Kano waulizwe kwa hesabu gani.

Nakuru nayo ina Nyando yake, ambayo ni A8. Lami ya barabara kuu inakusanya maji kwa kilomita nyingi na kuyamwaga mitaani, na KeNHA haina ploti ya kutumiwa ankara. Ada ya matengenezo ya barabara, ile tunayolipa kwenye kila lita ya mafuta, ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 Julai 2024, na kaunti zimekuwa zikigombania sehemu yake. Kabla ya mwenye nyumba wa Free Area kuulizwa shilingi 80, bodi ya jiji inapaswa kuwa na mkataba wa maandishi na KeNHA, KURA na wenye reli: kila kalvati ina namba, kila namba ina mwenyewe, na atakayeshindwa kuizoa ifikapo mwisho wa Februari atalipa gharama ya jiji kuizoa kwa niaba yake. Orodha hiyo ya namba haihitaji sheria mpya wala ada. Inahitaji watu wachache, buti, na wiki kadhaa za kiangazi.